Ripoti ya saratani iliandikwa "high", ukoo ukaanza msiba wa baba akiwa hai

Wakuu, salaam kwenu. Siongezi chumvi humu, kisa chenyewe kinayo ya kutosha.

Baba yangu ni mvuvi na mkulima, kijijini Bukima. Alikutwa na saratani ya utumbo mpana. Akafanyiwa upasuaji, uvimbe ukapelekwa maabara, tukasubiri kuambiwa kama kuna hatari ya ugonjwa kurudi.

Ripoti ikatoka. Tukapangiwa siku ya kueleweshwa na daktari.

Sasa umsubiri daktari wa nini wakati ukoo una baba mdogo?

Baba mdogo ni mwalimu mstaafu, anakaa Butiama. Kwetu karatasi yoyote ya Kiingereza lazima ipite kwake kwanza, hata maelekezo ya dawa ya ng'ombe. Akavaa miwani, akashuka na kidole mpaka penye seli za kinga ndani ya uvimbe. Pameandikwa "high".

Akavua miwani.

"Hapa hakuna mtu tena. Presha ikiwaga high, mtu anaanguka. Sukari ikiwaga high, wanakata mguu. Sembuse saratani!"

Bingwa huyo. Sijui hospitali kubwa zinamwachaje achunge ng'ombe tu.

Kikao kikakaa hapo hapo. Kliniki basi, mzee afie kwake. Shangazi akaja kutoka Bunda na masufuria ya msibani, eti tusihangaike kuazima. Likafunguliwa group la WhatsApp, "Maandalizi ya Mzee". Mwerevu mmoja akamuunga na mzee mwenyewe.

Kilichoniuma ni baba. Hakubisha. Akagawa nyavu zake, akaacha kula, akatuonyesha pa kumchimbia, pembeni ya kaburi la bibi. Hapo sitanii wakuu, nililia sana.

Siku ya daktari ilipofika nikamlazimisha tukaenda Musoma. Baba mdogo naye akaja, kutusaidia kutafsiri.

Daktari akasoma, akatabasamu. Akasema seli za kinga ni askari wa mwili. Kwenye saratani hii madaktari hawaangalii tu uvimbe umefika wapi. Wanaangalia pia kama askari wameingia ndani na kukabana na seli za saratani, au wamebaki nje. Wa baba waliingia wengi, na hiyo ni dalili kwamba uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mdogo. Si uhakika, na kliniki ni lazima, ila ni habari njema.

Baba mdogo akasema hata yeye alimaanisha hivyo hivyo.

Baba akamuuliza daktari: "Kwa hiyo hao walikuwaga wananipigania humu ndani, mimi nikaenda kuonyesha pa kuchimba?"

Akanigeukia, akaomba uji.

Wakuu, majibu ya maabara asome aliyeyasomea. Baba alikuwa anakufa kwa tafsiri, si kwa saratani.

Kwenu mtaalamu wa ukoo ni nani? Mtajeni hapa chini, nisijione niko peke yangu.