Skripti Isiyo na Mtafsiri

Filamu zote nilizowahi kuona niliziona kwenye kibanda umiza cha hapa Mbamba Bay. Ni zile ambazo mtafsiri anazungumza Kiswahili juu ya picha, anatania na kutuambia mapema nani atakufa. Kwa hiyo skripti yangu ya kwanza, ambayo vijana wa parokia wangeirekodi kwa simu Jumamosi, ilijaa maneno ya mtafsiri.

Dada yangu alipata kwenye simu skripti ya Kiingereza iliyoshinda tuzo, akawa ananisomea kwa Kiswahili. Nikasubiri mpaka nikachoka.

“Dada, mtafsiri anaingia lini?”

“Mtafsiri gani, mdogo wangu?” akacheka. “Yule anajisemea tu kibandani!”

Nikamwomba arudie kusoma. Mwandishi hakueleza lolote. Watu wake walitenda tu.

Nikafuta maneno ya mtafsiri kwenye skripti yangu, nikihofu hakitabaki kitu cha kurekodi. Mwishoni yakabaki haya: Baba anasukuma mtumbwi. Mama anamfuata mpaka maji yanamfika magotini, anasimama.

Dada akasoma, akaacha kucheka.

“Kwani huyu baba harudi?”

Nilishtuka. Hilo alilisema mtafsiri, nami nilikuwa nimelifuta.