Nyota Kumi na Saba Juu ya Ilula

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, kuna usiku nilimwomba Mungu alete mawingu wakati wenzangu wote mlimani walikuwa wanamwomba ayaondoe.

Mama alikuwa na siku ya sita hospitalini Iringa. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, miguu ilikuwa imevimba, na presha ilikuwa imepanda mpaka akasema anaona ukungu. Baba alikwenda naye na alikuwa bado huko. Pale nyumbani, Ilula, nilibaki na Bibi mzaa mama, aliyekuja kutoka kijijini kwake kuniangalia.

Bibi hakuwa mtu wa maneno mengi, ila kuhusu nyota hakuwa na mzaha. "Nyota ikidondoka, kuna mtu ameondoka," aliniambia. "Ukiiona, tema mate chini, sema: si wa kwetu. Inapita. Ila usihesabu. Anayezihesabu, moja itakuwa ya kwao."

Alinionya hivyo kwa sababu ya Mwalimu Sanga. Mwalimu alitufundisha sayansi, na alikuwa na rafiki mjini Iringa, Mzee Harish, muuza vitambaa. Wawili hawa waliunganishwa na anga tu. Kila Desemba Mzee Harish alikuja na darubini yake, kwani mjini taa zilikuwa nyingi, wakapanda kilima kilicho nyuma ya mashamba ya nyanya kutazama vimondo. Mwaka ule walitualika wanafunzi sita. Kazi yangu ilikuwa imeshapangwa: kuhesabu, maana Mwalimu alisema nina macho makali. Bibi alikataa katakata, nami sikubisha. Mama akiwa katika hali ile, nani angethubutu?

Siku yenyewe, saa kumi jioni, jirani yetu Mama Faraja alimwita Bibi kwake. Bibi alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alinawa uso, akasonga ugali, akanipakulia mimi peke yangu. Nilipomaliza akasema, "Neema, vaa sweta. Nenda na Mwalimu wako."

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Bibi, si ulikataza?"

"Nimekwambia nenda."

"Lakini Mama..."

"Nenda, mwanangu! Kaangalie hizo nyota." Alinifunga vifungo vya sweta mwenyewe, kama mtoto wa chekechea, na kimoja akakifunga tundu lisilo lake.

Nilipanda kilima nikiwa na hofu, ila sikuwa na namna ya kurudi. Mvua ilikuwa imenyesha mchana na nyasi zilitulowanisha mpaka magotini. Juu kulikuwa na wingu zito kila upande. Nilifurahi sana kuliona. Mzee Harish alitumiminia chai ya tangawizi kwenye kifuniko cha chupa tukawa tunapokezana. "Wazungu wanaviona kwenye barafu," alisema, "sisi tunaviona kati ya mvua na mvua. Subirini tu."

Tulisubiri. Wenzangu walianza kusinzia. Mimi nilikaa na daftari mapajani, na tochi ndogo iliyofungwa mfuko mwekundu ili isituumize macho, nikirudia moyoni: lisifunguke, Mungu wangu, lisifunguke.

Lilifunguka ilipokaribia saa tano. Lilipasuka upande wa Kilolo, likasogea kama mtu anavuta pazia, na nyota zote zikawa pale. Hazikupita dakika mbili, mstari mweupe ukakata anga.

"Ile!" walipiga kelele. "Neema, moja!" akasema Mwalimu.

Nikachora mstari. Nikatema mate. Si wa kwetu.

Ikaja ya pili, zikafuata mbili kwa mpigo. Wenzangu walikuwa wanarukaruka, Mwalimu anacheka kama mtoto, nami natema mate na kunong'ona. Ilipofika ya tisa kinywa kilikuwa kimekauka. Nililamba umande kwenye majani nipate cha kutema. Nilijaribu kufumba macho, lakini nilisikia kelele zao, na Mwalimu akaniita jina kila mara, na mwalimu wako akikuita hukai kimya. Ya kumi na nne. Ya kumi na tano. Kwa kila moja nilimwona Mama kitandani, nikimsihi Mungu asiwe yeye.

Ilipopita ya kumi na saba nililowesha kidole nikaanza kufuta. Nilisugua ile mistari mpaka karatasi ikatoboka. Hapo ndipo Mzee Harish alipogeuka.

"Binti, unafanya nini?"

Nikamweleza, kwa kwikwi, maneno hayashikani. Sikutegemea aelewe. Hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, akanichukulia daftari na kalamu taratibu.

"Nipe mimi," alisema. "Kuanzia sasa zote ni zangu. Sikia? Ikidondoka, ni ya Harish."

Akahesabu yeye, kwa sauti, mpaka mawingu yakarudi na mvua ikatufukuza. Sijui alifika ngapi. Mimi nilikuwa na zangu kumi na saba.

Tulishuka kijijini saa saba usiku. Uani kwetu palikuwa na moto, na wanaume wameuzunguka kimya. Ndani wanawake walikuwa wakiimba. Mwalimu alinishika mkono. Sikulia. Nilikuwa nawaza ilikuwa ya ngapi.

Mama alizikwa pamoja na mdogo wangu ambaye hakupata kulia. Watu walinisifu kwa kujikaza. Hawakujua kwamba muuaji halii mbele za watu. Kwa miaka kumi na mbili sikuinua macho juu usiku, wala sikumwambia mtu.

Nilimwambia Baba kwanza. Nilikuwa nimemaliza chuo Mbeya, amekuja kunichukua, basi limesimama Igawa ili abiria wapate chakula. Sijui kilichonifungua mdomo. Labda ni kwa sababu Bibi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nikaona mwiko ule nimebaki nao mimi tu. Nikamweleza yote, huku chipsi zikipoa.

Baba alisukuma sahani pembeni. "Mama, unasema ulihesabu saa ngapi?"

"Saa tano. Saa sita usiku."

"Mama yako alifariki saa tisa mchana. Mimi ndiye niliyepiga simu kwa Mama Faraja." Akanigeukia. "Bibi yako alijua. Hakukwambia?"

Dereva alipiga honi. Tulipanda, nikakaa dirishani.

Nimemwaza Bibi sana tangu siku ile. Alikuwa amefiwa na mwanaye, akasonga ugali, akanipakulia. Nadhani alitaka nipate usiku mmoja zaidi nikiwa na mama. Na yeye aliamini kabisa: kwake, nyota za usiku ule zilikuwa hazina tena wa kumchukua kwetu, kwa hiyo hazikuwa na madhara. Hakujua kwamba mimi nilikuwa bado na Mama.

Simlaumu, ila sijaweza kumshukuru. Kwa saa kumi, nyumba nzima imeshafiwa, mimi peke yangu katika ukoo wetu nilikuwa na mama aliye hai. Na saa hizo zote nilizimaliza nikimwombea asife.