Mbeleko ya Mbwa wa Polisi

Kwanza nilisikia kucha. Zilikuwa zikikwaruza vigae vya jikoni kwa mama, huko Minto, kitongoji cha ughaibuni tulikohamia, nami nilikuwa bado nje na begi mkononi. Halafu nikasikia sauti ya mama, ile laini aliyoitumia nikiwa na homa utotoni: "Pole, baba. Pole, baba yangu." Nilidhani kuna mtoto.

Alikuwa mtoto wa mbwa, mweusi, masikio yamemzidi kichwa. Polisi huwapa familia watoto wa mbwa wawalee, wazoee watu, treni na kelele, kisha huja kuwachukua kwa mafunzo. Mama, aliyetufundisha kwenye kambi ya wakimbizi kwamba mbwa havuki kizingiti, ndiye aliyejitolea. Alisema nyumba ilikuwa imekaa kimya mno tangu nihamie mjini kuandika riwaya yangu.

Na riwaya hiyo ndiyo iliyonirudisha. Nilitaka kumsomea. Jioni ile nilifika ukurasa wa pili tu, mama akainua mkono: "Subiri, mwanangu. Anataka kutoka." Akampeleka uani, akamsifu kwa kukojoa kama mtu aliyefaulu mtihani. Mimi sijawahi kusifiwa hivyo kwa sentensi hata moja.

Nikawa narudi kila wikendi, na kila wikendi wivu ulinitangulia mlangoni. Mama alimchana manyoya. Alimpeleka madukani Bankstown azoee ngazi za umeme na vitoroli vya dukani. Alimtafutia mpira chini ya kochi, akipiga magoti yaleyale yaliyochoshwa na kazi ya kuwahudumia wazee. Nje ya kanisa, rafiki yake Mrundi alimtania:

"Dada, umezaa uzeeni?"

"Huyu ni wa serikali."

"Wa serikali, na mkojo je?"

"Mkojo ni wangu. Serikali haijui kupiga deki."

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mimi nilitabasamu kwa meno tu.

"Unamwonea mbwa wivu," mama aliniambia siku hiyo tukiosha vyombo.

"Mbwa ana saa yake ya kukumbatiwa, mama. Mimi sina."

"Basi njoo nikuchane manyoya." Akanirushia povu. Sikucheka.

Siku ya mbwa kuondoka ikafika. Afisa aliyemfuata alikuwa mwanamke mpole mwenye buti safi. Alitueleza kwamba mbwa akihamia bandani hutulia upesi akiwa na kitambaa chenye harufu ya nyumbani. Mama akaingia chumbani. Nilisikia sanduku likifunguliwa, nikajua kabla hajatoka.

Ilikuwa mbeleko yangu, kanga nyekundu aliyonibebea mgongoni kambini Tanzania, pindo limechakaa pale nilipokuwa nikilitafuna. Kila nilipowaza kupata mtoto, nilimwona ndani ya kanga ile.

"Mama, hiyo ni yangu."

"Wewe unaye mama."

"Tangu lini?"

Alipiga goti, akaitandika mbele ya mbwa. Mbwa akanusa, akapiga chafya, akarudi nyuma. Mbeleko ilikuwa imelala miaka mingi na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu. Afisa akasema, kwa sauti ya kuomba radhi, kwamba ingefaa zaidi nguo inayovaliwa kila siku.

Niliinyakua, nikaibana kifuani. Nimeshinda, nilijiambia.

Ndipo mama akafungua kitenge alichojifunga kiunoni juu ya gauni, chenye harufu ya vitunguu, sabuni na jasho lake, akamzungushia mbwa shingoni, taratibu, akikilainisha kwa kiganja. Mbwa akazamisha pua humo na kufumba macho.

Nami nikainusa mbeleko yangu. Ilinuka sanduku.

"Ngoja nimsindikize," mama alisema, si kwangu hasa. Akashika kamba mwenyewe, akamfuata afisa kuelekea kwenye gari, na mlango wa nyumba ukafungwa nyuma yake.