Bibi wa Kinole Alipoikana Filamu Yangu

Bibi wa karibu miaka tisini aliisimamisha filamu ninayoipenda kuliko zote, akagonga kioo cha simu kwa ukucha, akasema:

"Huyu si mimi."

Jamani, moyo wangu ulicheka! Ngoja niwape mkasa mzima.

Naitwa Ester, nasuka nywele saluni moja Kilakala. Filamu yenyewe ni ya wanawake wa Uluguru enzi za mkoloni, waliogoma kulimishwa matuta kwa nguvu. Kuna mwanamke anampokonya mnyapara fimbo mbele ya umati. Maneno yake nayajua yote. Nilikuwa nayaigiza huku nasuka, saluni nzima inapiga makofi.

Huo ndio ulikuwa ujiko wangu.

Mpaka siku Shadia, ninayesuka naye, akasema taratibu: "Yule mwanamke ni bibi yangu, Bibi Zuhura. Yupo hai, kijijini Kinole. Watu wa filamu walikwenda kumhoji."

Weee! Wateja wote wakahamia kwenye kiti chake.

Hata mama mmoja niliyemsuka tangu mimba yake ya kwanza akaniambia, "Leo acha nisukwe na mjukuu wa shujaa."

Wivu ulinishika. Shadia akicheka tu, mimi nafagia nywele kwa hasira.

Nikamwambia kwa sauti ya asali, "Shosti, nipeleke nikamsalimie bibi."

Moyoni nasema, kama ni uongo, leo unaumbuka.

Tukapanda bodaboda hadi Kinole, juu milimani. Bibi Zuhura tulimkuta uani, anachambua karafuu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu, karibuni."

Shadia akamwekea filamu kwenye simu yake. Simu yangu nikaiwasha kimyakimya, narekodi. Ilipofika pale kwenye fimbo, ndipo bibi akatamka yale maneno.

Shadia akanywea. "Bibi, si uliwaambia ni wewe?"

"Niliwaambia tulikuwa wawili. Wao wametufanya mmoja. Aliyepokonya fimbo ni Sabra, mke mwenzangu. Mimi nilikuwa nyuma, roho inaniuma! Mume anampenda yeye, na sasa kijiji kizima kinampigia vigelegele."

Nilihisi kama ananisema mimi.

"Askari wakaja. Wakauliza, nani kachukua fimbo? Sabra yupo pembeni yangu. Ningenyoosha kidole tu, mume abaki wangu peke yangu."

"Ukamtaja?" nikauliza.

"Nikasema, ni mimi."

Shadia machozi yakamtoka. Bibi akamkemea: "Usinililie! Sikuwa malaika. Nilikataa asifiwe peke yake."

Ghafla sauti ikatoka jikoni: "Na mimi nikawaambia askari, huyo muongo, ni mimi!"

Akatokea bibi mwingine na birika la chai. Shadia akabaki mdomo wazi. Huyo ndiye Shadia aliyemwita Bibi Mdogo tangu utotoni, wala hakuwahi kuambiwa kuwa ndiye Sabra aliyepokonya fimbo.

"Tukagombana mbele ya bunduki," akasema Bibi Sabra. "Askari wakachoka, wakatubeba wote. Huko kifungoni tukalala mkeka mmoja. Mume alipokufa, sisi hatukuachana."

"Mbona kwenye filamu hayamo?" nikauliza.

"Walisema wake wenza wakigombania sifa haipendezi," akajibu Bibi Zuhura.

Wakacheka mpaka wakakohoa.

Mimi sikucheka. Mkononi nilikuwa na kile kipande: "Huyu si mimi." Nikikitupia tu kwenye grupu la saluni, Shadia anakuwa muongo mpaka anazeeka.

Wakati tunasubiri boda ya kuteremka, nikakifuta.

"Umefuta?" Shadia akauliza.

Nikamgeukia. "Ulijua?"

"Nilikuona tangu mwanzo unarekodi."

"Na ukanyamaza?"

Akatazama chini. "Ester, unadhani kwa nini nilisema habari za bibi pale saluni? Miaka yote nimekaa kimya. Nilichoka kuona unapigiwa makofi wewe tu. Ningekulaumu vipi?"

Nikamshika mkono, tukasimama hivyo mpaka boda ikafika.

Wenzangu, hakuna aliyesalimika na wivu, hata mashujaa. Ila siku ukipewa nafasi ya kummaliza unayemwonea wivu, fikiria mara mbili. Huenda ndiye mtu pekee atakayezeeka na wewe.