Injini Iliyosikilizwa kwa Simu

Juzi, katika gereji ya Kawangware, nilimkuta fundi ameshikilia simu juu ya injini ya gari la mashindano, iliyokuwa ikigonga. Aliyesikiliza ni mwenzake wa miaka mingi. Fujo za uchaguzi zilipoanza, vijana walimfukuza hapo gerejini kwa sababu ya kabila lake, akahamia Kibera.

"Kamshafti imelika mapema," simu ilisema, ikimaanisha mhimili unaofungua vali za injini. "Siku ile tulipoifunga mpya nikakimbia, uliikanyagia mafuta zile dakika ishirini za kuizoesha?"

"Dakika tatu tu. Niliizima nisikie kama wamekushika."

Fundi akamwambia anaizima sasa, akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Usizime bado," sauti ikasema. "Wacha nisikie gereji kidogo."

Tunaambiwa hali ni shwari. Kutoka Kibera hadi hapo gerejini ni mwendo wa saa moja kwa miguu, lakini bado hajarudi.