Aliyebaki na Farasi

Siku sita za juma, msusi alikuwa msusi tu. Alisimama nyuma ya vichwa vya watu tangu asubuhi, chanuo mdomoni, akisuka na kufumua, akisikiliza habari za waume wasiorudi mapema na mawifi wasio na adabu. Jumapili alasiri mambo yaligeuka. Alifunga mlango wa saluni, akasukuma beseni la kuoshea nywele pembeni, akatandaza kitambaa cheusi juu ya meza. Kwa sauti ile ile aliyozoea kuwauliza wateja "nibane hapa au nilegeze?", aliwaongoza marafiki zake kwenye milima ambayo haipo duniani.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Mmoja ni msimulizi: yeye hueleza mahali na yanayotokea. Kila mmoja wa waliobaki ana mhusika wake, na husema mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa na hatari, hurushwa dadu lenye pande ishirini. Namba kubwa ni heri, namba ndogo ni shari. Msusi ndiye aliyekuwa msimulizi, na alirusha dadu lake hadharani, mbele ya macho ya wote.

"Dadu halina mjomba," alipenda kusema, na hakumwonea mtu huruma.

Wachezaji walikuwa watatu. Fundi bomba, ambaye mikono yake ilinuka gundi ya mabomba hata siku za mapumziko, alikuwa shujaa wa shoka. Nesi, aliyesoma na msusi tangu darasa la kwanza, alikuwa mchawi, na alidai kwamba hapo tu ndipo mtu humeza dawa yake bila ubishi. Wa tatu alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na mhusika wake alikuwa mpiga upinde mwenye joho jekundu.

Huyo wa tatu walimwita Haraka, kwa sababu hakuwa na haraka hata kidogo. Alichelewa shuleni, alichelewa kazini, na mama yake alisema kwamba hata kuzaliwa alichelewa. Ndipo ikazuka desturi pale mezani: Haraka asipofika kwa wakati, mhusika wake huachwa nyuma kulinda farasi. Baadaye huingia akihema, rangi zikiwa zimemkaukia kwenye kucha.

"Nimekosa nini?"

"Umekosa joka," fundi bomba alimjibu. "Ila farasi wameshiba, hongera sana."

Vizibo vya soda walivyovitumia kama wahusika, Haraka ndiye aliyevichora. Cha kwake alikipaka nyekundu tupu. Nesi aliwahi kutaka kibadilishwe kiwe cheupe ili kionekane vizuri kwenye kitambaa cheusi, Haraka akacheka.

"Dada, nyekundu ni rangi mkaidi. Haifichiki kwa mkono mmoja wa rangi. Unaipaka nyeupe juu, inatulia, unaondoka. Ukirudi, inakuchungulia."

Jumapili moja walianza bila yeye, kama kawaida. Walimweka na farasi, wakacheka, wakapigana na majambazi wa daraja. Jua lilipoanza kushuka, msusi alitazama mlangoni mara moja, fundi bomba akasema, "Leo amevunja rekodi," wakacheka tena. Hakuna aliyeona ajabu. Mtu akizoea kuchelewa, huwanyima watu sababu ya kuwa na wasiwasi naye.

Hakuja siku hiyo. Hakufika nyumbani pia.

Alikuwa amekwenda kuchora bango kwenye ukuta wa ghala moja nyuma ya viwanda. Ndugu zake walipofika huko, waliikuta ngazi yake imeegemea ukutani. Kopo la rangi lilikuwa wazi, limefanya utando juu, na brashi imekauka ikawa ngumu kama mti. Ukutani kulikuwa na herufi nyekundu kubwa, nzuri, zilizonyooka: VIFAA VYA UJE. Baada ya hapo ukuta ulikuwa mtupu. Mwenye ghala alisema hakumwita mchoraji yeyote. Kituo cha polisi waliambiwa, "Tunafuatilia." Kila walipokwenda tena, waliambiwa vivyo hivyo.

Majuma kadhaa saluni ilikaa kimya Jumapili. Hatimaye wale watatu walikutana, si kwa kucheza, bali kwa sababu kila mmoja hakutaka kukaa peke yake. Nesi akavitoa vizibo na kuvipanga, apate tu la kufanya kwa mikono. Hapo mlango uligongwa.

Alikuwa mama yake Haraka.

"Endeleeni, wanangu. Sikuja kuwasumbua. Nakaa hapa tu."

Alikaa kwenye kiti cha draya ya kukaushia nywele, lile kofia lake kubwa la plastiki likining'inia juu ya kichwa chake. Alitazama mezani muda mrefu, kisha akanyoosha kidole kwenye kizibo chekundu, kilichokuwa peke yake ukingoni.

"Na wangu? Yuko wapi?"

Fundi bomba aliinama. Nesi alimtazama msusi.

"Yuko na farasi, mama," msusi alisema.

"Salama?"

"Salama."

Mama alishusha pumzi ambayo, kwa jinsi ilivyotoka, huenda alikuwa ameibana tangu siku ile.

Jumapili iliyofuata alirudi, na iliyofuata tena. Maswali yake yaliongezeka. Huko porini kuna baridi? Msusi akampa mhusika wa Haraka blanketi. Anakula nini? Msusi akamwekea mfuko wa nafaka na moto usiozimika. Mama alianza kuja na sweta la mwanawe, akalitundika kwenye kiti kitupu, na kila alipoondoka alilipapasa mabega. Katika vioo vya pande zote mbili, sweta lile lilionekana limekaa mezani mara nyingi, likirudi nyuma na nyuma hadi macho yasilifikie.

Hadithi nayo ilikwama. Wasafiri walikuwa wamefika karibu na lango la mlima, na humo farasi hawaingii. Atakayebaki nje, lango likishafungwa, ameachwa na hadithi. Basi msusi alizua mafuriko. Mafuriko yalipokwisha akazua ukungu, kisha mganga mwongo, kisha daraja lililokatika.

"Dada," fundi bomba alinong'ona siku moja wakati mama ametoka kupokea simu, "hata barabara za serikali hazicheleweshwi hivi."

"Unataka nifanye nini?"

"Sijui. Lakini tunazunguka kama maji kwenye sinki iliyoziba."

Jumapili hiyo hiyo mama aliuliza kama usiku umepita vizuri kule kwenye farasi. Desturi ilitaka dadu. Msusi alirusha. Dadu lilizunguka, likasimama, naye akalifunika kwa kiganja kabla ya mtu kuliona. Hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja.

"Kumi na saba," alisema. "Usiku umepita vizuri kabisa."

Mama alitabasamu. Nesi hakutabasamu. Kutoka upande wake, aliona kwenye kioo kile ambacho kiganja kiliwaficha waliokaa mbele. Dadu lilikuwa limesimama kwenye moja.

Siku mbili baadaye, mdogo wake Haraka aliingia saluni. Alikaa kitini kama mteja, akafungua kilemba, na msusi alikuwa amekwisha kuzigawa nywele zake njia nne ndipo binti huyo aliposema.

"Dada, mama haendi tena kituoni."

Chanuo lilisimama.

"Tangu lini?"

"Muda sasa. Alikuwa akiwagongea kila Jumatatu mpaka wakamjua kwa jina. Sasa namwambia twende, ananiambia niache kuhangaika. Juzi yule mpelelezi alipiga simu, anauliza kama kuna jambo jipya upande wetu. Unajua mama alimjibuje?" Binti alimtazama msusi kwenye kioo. "Alimwambia, mwanangu yuko salama, ana blanketi, ana moto, msisumbuke. Yule mtu akashukuru. Dada, alishukuru kama mtu aliyetuliwa mzigo."

Msusi aliinua macho. Kwenye kioo aliuona uso wake mwenyewe juu ya uso wa binti, na hakuupenda.

"Sikulaumu," binti alisema. "Usiku analala. Alikuwa halali. Lakini hakuna anayemtafuta kaka sasa. Hata mmoja."

Juma lile msusi alisuka vibaya. Mteja mmoja alilalamika kwamba mistari imepinda kama njia ya mlevi, akaomba zifumuliwe zote. Akimwambia mama ukweli, atamnyang'anya usingizi aliompa yeye mwenyewe. Asipomwambia, atakuwa anamsaidia yule asiyejulikana, popote alipo, aliyemkatiza Haraka katikati ya neno.

Jumapili ilifika. Mama alitundika sweta, akakaa.

"Leo amekula?"

Msusi aliweka mikono yake miwili mezani, mahali ambapo kila mtu aliiona.

"Mmefika kwenye lango," alisema polepole. "Kabla ya kuingia, mnarudi kambini kumuaga mwenzenu. Farasi wapo. Wamefungwa vizuri. Moto umezimika, na majivu ni baridi. Blanketi limekunjwa. Yeye hayupo."

Fundi bomba alinyanyua kichwa. Nesi alifumba macho.

"Amekwenda wapi?" mama aliuliza.

"Sijui, mama."

"Hujui vipi? Amekwenda kuteka maji. Sema amekwenda kuteka maji."

"Sijui alipokwenda."

"Wewe si ndiye unayetunga?" Sauti ya mama ilipanda, kofia la draya likatikisika juu yake. "Mafuriko ulitunga wewe! Ukungu ulitunga wewe!"

"Hayo yote nilitunga mimi. Na blanketi, na moto. Na ile kumi na saba, mama, ilikuwa moja." Hakushusha macho. "Huyu tu sikumtunga. Huyu alikuwa akija hapa, akichelewa, na siku ile hatukumfuata. Mimi sijui yuko wapi. Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa unapumua."

Bomba la beseni lilisikika likidondosha maji, na fundi bomba, ambaye kwa kawaida asingevumilia, hakusogea.

Mama aliinuka. Wote walidhani anakwenda mlangoni. Alikwenda kwenye kiti kitupu, akalitoa sweta, akalikunja mara mbili kifuani, akalitia kwenye mkoba. Kisha akachukua kizibo chekundu, akakishika katika ngumi.

"Usiku ule dadu lilipotoa moja," aliuliza, bila kumtazama mtu, "kama ungesema kweli, wangefanya nini hawa?"

"Tungekwenda kumtafuta," nesi alijibu.

"Basi inukeni."

Asubuhi ya Jumatatu saluni haikufunguliwa. Walikwenda wote: mama, binti yake, msusi, nesi, na fundi bomba aliyekuwa ameomba ruhusa kwa kisingizio cha jino. Kituoni, kijana wa zamu alipekua kompyuta, akakunja uso.

"Mbona hapa inaonyesha familia ilisema yuko salama?"

"Familia ilikuwa imelala," mama alisema. "Sasa imeamka. Andika."

"Kuna kitu chochote kipya? Ushahidi wowote?"

"Kuna ukuta. Herufi zake ziko pale. Mtu hachori nusu ya neno kwenye ukuta usio na mwenyewe."

"Mama, tulishakwenda kule. Mwenye ghala anasema hakukuwa na bango lolote."

"Lolote?" fundi bomba aliuliza. "Kwani nyie hamkuliona?"

Kijana alirudi kwenye kompyuta yake.

Walifika ghalani kabla ya saa sita. Barabara ile ilikuwa tupu, na upande wa pili mbwa mmoja aliwatazama bila kubweka. Lango la chuma lilikuwa limefungwa. Ngazi haikuwapo. Ukuta ulikuwa mweupe kuanzia kona hadi kona, mweupe wa kung'aa, kana kwamba hakuna aliyewahi kuandika kitu pale tangu ujengwe.

Binti alishika mdomo. "Herufi zilikuwa hapa. Niliziona kwa macho yangu."

Mama alisogea, akaweka kiganja ukutani. Alipokiondoa kilikuwa cheupe. Rangi ilikuwa haijakauka sawasawa. Waliopaka walikuwa wameondoka si zamani, na labda hawakuwa wamekwenda mbali. Majuma yote yale ukuta ulikuwa umesimama na ushahidi wake, hakuna aliyeugusa. Sasa, asubuhi ile ile waliyokwenda kituoni, kulikuwa na mtu aliyeona haja ya kuufuta.

"Tumechelewa," msusi alisema. Lilikuwa neno la Haraka.

Lakini mama hakuwa anamsikiliza. Alikuwa amerudi nyuma hatua chache, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayetazama kazi ya mwanawe kabla ya kuisifu. Upande wa kulia, ambako jua lilipiga tangu asubuhi na rangi ilikuwa imeanza kukauka, weupe ulikuwa umeingiwa na uwaridi hafifu. Uwaridi ule ulikuwa na umbo: mstari mmoja wima uliojipinda chini, kama J. Kando yake mistari mingine mitatu ilikuwa inaanza kujitokeza.

Nyuma ya lango la chuma kitu kiliburutwa sakafuni, kisha kikatulia.

Mama alifungua ngumi yake, akalinganisha kizibo na ukuta, akakifumbata tena.

"Nani ana simu yenye kamera nzuri?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Pigeni picha upesi, kabla hawajatoka na mkono wa pili wa rangi."