Vichwa vya Risasi Kwenye Uteo

"Kati ya hivi viwili, kibovu ni kipi?"

Mzee aliniwekea vichwa viwili vya risasi kwenye kiganja, akangoja. Vilikuwa vya shaba, vyembamba, havifiki urefu wa kifundo cha kidole. Nikavipeleka dirishani. Kimoja kilikuwa na doa la rangi ya chai. Kingine kilikuwa na mkwaruzo ubavuni, mwembamba kama unywele. Nilikuwa na shahada ya hisabati na fizikia, na wino wake haukuwa umekauka vizuri, lakini jibu sikuwa nalo.

"Sijui," nikasema.

"Unajua kuchagua maharagwe?"

"Hiyo najua."

"Kuja Jumatatu."

Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza. Nilikuwa nimerudi nyumbani Eldoret kungoja barua ya kupangiwa shule ya kufundisha, na barua ilikuwa haina haraka. Klabu ya kulenga shabaha ilikuwa nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda mji mdogo wa Ziwa, katikati ya mashamba ya ngano. Zamani wanachama wake walikuwa wawindaji. Uwindaji ulipopigwa marufuku walibaki na bunduki zao, leseni zao na hamu yao, wakaanza kuwinda karatasi. Kila Jumamosi walilala kifudifudi kwenye magunia ya mchanga na kupiga miduara myeusi iliyobandikwa kwenye mbao upande wa pili wa uwanja.

Mzee ndiye aliyewatengenezea risasi. Alikuwa fundi wa silaha jeshini kabla ya kustaafu. Alichukua maganda matupu yaliyokwisha kupigwa, akayasafisha, akayajaza upya na kuyatia vichwa vipya. Alisema kila bunduki ina chakula inachopenda, na cha kiwandani kimepikiwa watu wote kama ugali wa bweni.

Kazi yangu ilikuwa kuchagua vichwa. Sanduku lilikuwa limefika kutoka Nairobi, na aliyevitengeneza hakuvitengeneza kwa mapenzi. Vingine vilikuwa na madoa. Vingine vilikuwa vimegongana njiani vikapinda pua. Vichache vilikuwa na pengo dogo kwenye ukingo wa chini, mahali Mzee alipopaita kitako. Nilivimwaga kwenye uteo, uteo uleule ambao mama zetu hupepetea, nikavichambua mbele ya dirisha, chini ya picha ya Rais.

Mama yangu alipopata habari aliweka sufuria chini.

"Miaka mitatu Nairobi," akasema, "halafu unaenda kuchagua maharagwe ya chuma."

"Hayachemshwi, mama. Nafuu ni hiyo."

"Na hayaliwi. Hasara ni hiyo."

Sheria za Mzee zilikuwa fupi. Doa, pangusa, weka. Mkwaruzo ambao ukucha haunasi, weka. Pua iliyobonyea, weka. Kitako chenye pengo, hata liwe dogo kama jino la panya, tupa kwenye kopo la nyuma.

Mimi siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini. Siku ya pili nikamuuliza tena.

"Mzee, risasi inatangulia na pua. Pua ndiyo inakutana na upepo. Sasa unasamehe pua mbovu, unakataa kitako?"

"Mwalimu," akasema, ingawa nilikuwa sijaingia darasa lolote, "ukisukuma mkokoteni uko wapi?"

"Nyuma."

"Na kama mmesukuma wawili, mmoja akaachilia kabla ya mwenzake?"

"Unapinda."

"Basi."

"Huo ni mfano, Mzee. Si ushahidi."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini hakunipa ushahidi, na mfano peke yake ulikuwa haunitoshi. Mwaka huo tulikuwa tumepiga kura kwa mlolongo, watu wakijipanga nyuma ya picha ya mgombea wao, na mimi nilikuwa nimesimama uwanjani nikaona kwa macho yangu foleni fupi ikitangazwa kuwa ndefu. Tangu hapo sikuamini hesabu ya mtu nikiwa sijahesabu mwenyewe.

Jumatano mwenyekiti wa klabu akaingia. Alikuwa mkulima wa ngano, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alisimama juu ya uteo, akachukua kichwa kimoja kutoka kopo la vizuri.

"Huyu pua imevunjika," akasema. Akachukua kimoja kutoka kopo la nyuma. "Na huyu anang'aa kama shilingi mpya. Mzee, hii ni nini?"

"Ni kazi," Mzee akasema.

"Mashindano ya mwisho tumetawanya risasi kama mtu anarushia kuku mahindi. Wanachama wanasema tununue za kiwanda tufunge hiki chumba. Mimi nimekutetea. Lakini hizi za Jumamosi zikitawanya, sina maneno tena."

Alipotoka, Mzee alichukua kitambaa akapangusa meza ambayo ilikuwa safi. Chumba kile ndicho kilichokuwa kimebaki kwake. Mkewe alikuwa amefariki, ng'ombe alikuwa amewagawia watoto. Sikuuliza swali lolote mchana ule, jambo ambalo lilimshangaza.

Alhamisi Mzee akaenda hospitali. Hakuniambia kwa sababu gani, nami nilidhani ni kifua. Nikabaki peke yangu na uteo, makopo mawili na akili yangu, na hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa hatari zaidi. Nilifikiri: huyu mzee ataponzwa na sheria zake. Nyumbani, ukichagua maharagwe, unaangalia ngozi. Lenye ngozi nzuri linaingia sufuriani, lililochubuka linaenda kwa kuku. Hakuna mtu huligeuza haragwe kulitazama kitako. Basi nikachukua vichwa ishirini vyenye pua mbaya kutoka kopo la vizuri, nikavitupa nyuma. Mahali pake nikaweka ishirini vinavyong'aa kutoka kopo la nyuma, vyenye vipengo ambavyo, kwa maoni yangu, vilikuwa havimsumbui mtu. Nilijiona nimeokoa chumba.

Ijumaa asubuhi Mzee aliketi kwenye mashine yake ya mkono na kuanza kuvalisha maganda vichwa. Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kukiweka kichwa, alikizungusha mara moja chini ya kidole gumba huku akitazama dirishani, kana kwamba anasikiliza redio. Cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Cha tatu akasimama, akakizungusha tena.

"Hii nilikataa," akasema.

Nikainamia uteo wangu.

Akachukua kingine. "Hii pia." Akakiweka mezani taratibu. "Mwalimu, panya wa hapa wameanza kuhamisha vitu?"

Nikamwambia yote: pua, maharagwe, ngozi, ishirini kwa ishirini. Nilitegemea anifukuze. Badala yake aliniuliza kama nina hakika ni ishirini.

"Nina hakika."

"Basi zitoe, uziweke kando. Hizo ni za shule ya mwalimu. Kesho tutapiga zako kumi na zangu kumi, zile za pua mbaya ulizotupa, mwenyekiti akiona."

"Na zangu zikishinda?"

"Utafunga mlango, ufunguo umpe yeye."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimemchezea mtu riziki yake, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa naomba nionekane mjinga.

Jumamosi kulikuwa na baridi ya kawaida ya kwetu na hapakuwa na upepo. Mzee alikuwa ametia alama nyekundu kwenye maganda ya risasi zangu. Tulimweleza mwenyekiti mambo yote isipokuwa alama ilikuwa ya nani. Hilo nililisisitiza mimi, asije akapiga kwa upendeleo. Akalala kwenye magunia. Akapiga kumi zenye alama kwenye karatasi moja, akanywa chai, akapiga kumi zisizo na alama kwenye nyingine.

Tulitembea kwenda kwenye mbao sisi watatu. Mzee alibaki nyuma kidogo, akitazama chini anapokanyaga.

Karatasi yangu ilikuwa na matundu kila upande. Mawili yalikuwa nje ya mduara kabisa. Yale ya pua mbaya yalikuwa yamejikusanya kama vifaranga kwenye baridi. Mwenyekiti akavua kofia yake, akachukua kikombe alichokuwa nacho akakifunikiza juu ya matundu hayo. Yote kumi yakaingia chini ya kikombe.

"Nyekundu ni za nani?" akauliza.

"Zangu," nikasema.

"Na hizi?"

"Za Mzee. Zenye pua zilizovunjika."

Mwenyekiti akaangalia kikombe, akaniangalia mimi. "Chumba hakifungwi," akasema.

Nilifurahi sana. Hata hivyo nilijisikia nikisema, "Lakini kumi si nyingi. Inaweza kuwa bahati. Zimebaki zangu kumi, turudie."

"Mzee," mwenyekiti akauliza, "huyu ulimtoa wapi?"

"Kwa maharagwe."

Kurudia tukarudia, na nikashindwa kwa namna ileile, mara hii matundu matatu yakiwa nje ya mduara. Nilihesabu mwenyewe, mara mbili.

Barua yangu ilikuja miezi minne baadaye, ikanipeleka shule ya mbali. Sikumwona Mzee tena.

Miaka mingi ilipita. Siku moja nilikuwa sokoni Burnt Forest nikinunua viazi, na mama aliyekuwa akinipimia akanitazama akasema kwamba zamani babake alifanya kazi klabuni na msichana mwenye mwanya kama wangu, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kumwona, msichana wa maswali. Tukakaa juu ya magunia. Nikamuuliza swali nililokuwa nalo tangu siku ya kwanza: vile vichwa viwili, kile chenye doa na kile chenye mkwaruzo, kibovu kilikuwa kipi?

Akacheka kama babake, mpaka akakohoa.

"Aliuliza wasichana sita. Wote walichagua kimoja, kila mtu chake. Ni wewe tu ulisema hujui."

"Ndiyo, lakini kipi?"

"Yeye angejuaje? Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wakati unaandikwa kazi, baba alikuwa hajaona pua ya risasi mwaka mzima."